Muujiza Usubiri Tata Arudi

Jirani yetu anaongeza ghorofa. Kila asubuhi mafundi wake hukoroga saruji chini ya dirisha langu la jikoni, na harufu ile mbichi ya vumbi lililolowa hupanda mpaka kwenye chai yangu. Mume wangu hulifunga dirisha kwa kishindo, kisha hutafuta funguo za gari huku akinung'unika. Akishatoka, mimi hulifungua tena. Kuna watu ambao utoto wao huwarudia kwa harufu ya chapati au ya mvua ya kwanza, na kusema kweli nawaonea wivu. Wangu huja na lori la mchanga.

Harufu hiyo ni ya Tata Nyambura. Tata ndilo jina tulilomwita shangazi kwetu Kinoo, na huyu alikuwa dada mdogo wa baba. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu, hadiwea, kama kila mtu alivyoliita, na ndani yake aliuza misumari, mabati, rangi na maneno makali. Polio ilimpata kabla hajajua kutembea. Alipenda kusema kwamba watu humhurumia kwa kupoteza kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, kama vile kumpa pole kwa kuibiwa ndege.

Miguu yake ilikuwa myembamba na laini, na alikuwa akiivalisha viatu vyekundu vya bei, kwa hoja kwamba viatu visivyochakaa ni akiba. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa mtu mwingine kabisa. Fundi wake wa nguo aliwahi kumpigia simu kumwuliza kama vipimo vya juu na vya chini vya gauni lile vilikuwa vya mteja mmoja. Mabega yale alikuwa ameyapata dukani, kwa kuishi miaka mingi akijisukuma kwenye kiti cha magurudumu na kuwapokeza wateja mifuko ya saruji kutoka mapajani mwake. Mfuko ukipasuka hakuutupa. Alikoroga saruji ile na mchanga, akaimwaga kwenye mikebe ya rangi, akachomeka bomba la chuma katikati, na kesho yake alikuwa na vyuma vya kunyanyulia.

Mtu aliyemgundua alikuja kununua bawaba. Aliitwa Kocha Jaswant, mzee wa kilemba kutoka Parklands, mwenye gereji ya kunyoosha magari yaliyogongwa, na ambaye ujanani alikuwa akinyanyua vyuma. Alimwona Tata akichukua mfuko wa saruji sakafuni akiwa amekaa, akauweka kwenye mkokoteni wa mteja, kisha akaendelea kubishana kwenye simu kana kwamba amehamisha kikombe. Kocha alisahau bawaba. Wiki iliyofuata alirudi na benchi aliyoichomelea mwenyewe, na akamwambia Tata alale chali juu yake asukume.

Benchi ile ndiyo iliyonipa kazi. Ilikuwa nyembamba, na kwa kuwa Tata hakuweza kujizuia kwa miguu, kila chuma kiliposhuka kifuani miguu iliteleza upande mmoja na mwili mzima ukataka kuifuata. Kwa hiyo baada ya shule niliketi mwishoni mwa benchi, nikaikumbatia miguu yote miwili, shavu langu likiwa kwenye viatu vyekundu, na Tata akaniambia, "Shika miguu," kisha akavuta pumzi. Nilikuwa darasa la tatu na nilijihesabu kuwa mwanachama kamili wa timu ya taifa. Na katika kazi ile nilijifunza kanuni moja ambayo niliiamini kuliko hesabu za mwalimu: kitu kizito kikishuka, miguu hushikwa.

Sasa, kila mtu aliyemwona Tata alitaka kumwombea. Hili lilinichukua muda kulielewa. Tulikuwa tukienda mjini kwa gari lake, lile ambalo breki na mafuta yake viliendeshwa kwa mkono, na kabla hajamaliza kukifungua kiti chake kando ya barabara alikuwa amepata mhubiri. Walimjia nje ya benki, kwenye foleni ya posta, hata siku moja mlangoni mwa choo. Mmoja, kijana mwenye suti kubwa kuliko yeye, alimwekea mkono utosini bila hata kumwamkia, akamwuliza kama anaamini.

"Naamini," Tata alisema. "Lakini ukiomba, omba mabega. Miguu haijanisumbua leo."

Yule kijana aliomba miguu hata hivyo, na kwa sauti. Tata alimngoja amalize, akasema amina, kisha akamwuliza kama angeweza kumsukumia kiti kupanda ukingo, maana kaunti ilikuwa imesahau kujenga mteremko na Mungu naye hakuwa ameligusia. Mimi nilicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Lakini mwombaji mkuu alikuwa Shosho, mama yake Tata, na kwake hakukuwa na mzaha. Shosho alikuwa ameombea ile miguu tangu Tata akiwa wa kubebwa mgongoni. Aliiombea alfajiri, aliiombea akichuma sukuma wiki, na jina la Nyambura lilitajwa kanisani kila Jumapili mpaka wageni wakadhani ni mgonjwa wa hospitali. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba siku ya chanjo, miaka hiyo, Shosho alikuwa amekwenda kuchuma kahawa ya watu, akajiambia kwamba atampeleka mtoto awamu ijayo. Utotoni sikujua hilo. Nilijua tu kwamba Shosho hakuwahi, hata mara moja, kuja nyuma ya duka kumtazama Tata akinyanyua. Akisikia bomba linagonga chuma, alivuta kitambaa chake cha kichwa akaondoka zake.

Kisha Tata akachaguliwa. Timu ilikuwa inakwenda ng'ambo, mashindano makubwa ya dunia ya walemavu, na yeye alikuwa mwanamke pekee wa vyuma katika timu hiyo. Niliwatangazia darasa zima, na wale wawili walionitilia shaka niliwaondoa katika orodha ya watakaoletewa chokoleti. Kwetu, hata hivyo, mtu hasafiri safari kubwa bila kubarikiwa na mzazi, na Tata, ambaye hakumwogopa afisa wa kaunti wala dereva wa lori, alikwenda kwa Shosho kuomba baraka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Shosho alimwambia kwamba atambariki, ndiyo, lakini atambariki akiwa amesimama. Alikuwa amemwita Askofu. Jumamosi kungekuwa na maombi nyumbani, na Jumanne, kama kweli ilikuwa lazima asafiri, Nyambura angepanda ndege kwa miguu yake.

Tata aligeuza kiti chake akatoka. Njiani alifunga redio, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na alipofika dukani aliwafokea wateja wawili ambao hawakuwa na kosa. Nilijua kwamba bila baraka ile asingekwenda. Angesema mgongo unauma, au duka halina mtu, na Jumanne ingepita.

Mimi nilikuwa upande wa Shosho kabisa, mpaka Ijumaa. Ijumaa tulikwenda gereji kwa Kocha kwa zoezi la mwisho. Mke wake alinipa sahani ya bhajia, na nikakaa juu ya tairi nikiwa mtu mwenye furaha, huku Kocha akimweleza Tata yatakayompata huko aendako. Alisema kabla ya kushindana atapimwa na madaktari, nao watabonyeza na kuvuta kila msuli wa mguu kuhakikisha kwamba kweli una ulemavu.

"Hao hawacheki na mtu, Nyambura," Kocha alisema. "Mguu ikikubali kusukuma vizuri, unarudishwa nyumbani na ndege ya kesho yake."

Niliirudisha bhajia kwenye sahani. Jumamosi Askofu. Jumanne ndege. Nilitazama pande zote za gereji kuona kama kuna mtu mwingine aliyeliona jambo hili, lakini Kocha alikuwa akichekea simu na Tata alikuwa akijipaka mafuta mabegani. Watu wazima wote wawili walikuwa wakielekea shimoni na hawakuona. Askofu angeomba, Mungu angefanya kazi yake, Tata angesimama, Shosho angembariki, na huko ng'ambo daktari angemtazama akishuka kwenye ndege kwa mwendo wa kujivuna, kisha amwambie ageuke palepale mlangoni.

Sikuwa na ubishi na Mungu kuhusu uwezo wake. Shida ilikuwa kalenda. Usiku ule nilipiga magoti nikamweleza hali ilivyo, kwa heshima: tafadhali usimponye Tata sasa, akirudi tutaongea. Lakini nililala na mashaka. Sala yangu ilikuwa ya kunong'ona, na Askofu alikuwa na spika.

Jumamosi sebule ya Shosho ilijaa. Kina mama wa ushirika walibanana kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, sufuria za mukimo na kuku zilikuwa tayari jikoni, na Askofu alifika na kijana wa kumbebea Biblia na mwingine wa kubeba ile spika. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kabla ya kusema chochote, hata kabla ya kuomba maji. Tata aliwekwa katikati, kiti chake kikiwa kimesogezwa mezani, na ile meza ilikuwa na kitambaa kirefu cha sikukuu kilichofika sakafuni. Alikuwa amevaa viatu vyekundu. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayengojea kung'olewa jino.

Askofu alipowaambia wote wafumbe macho, mimi niliingia chini ya meza.

Huko chini kulikuwa na giza na harufu ya dawa ya kung'arishia sakafu. Niliipata miguu, nikaikumbatia kama kawaida, shavu kwenye kiatu. Kitu kizito kilikuwa kinakaribia kushuka, na kazi yangu niliijua. Juu yangu maombi yalianza taratibu, yakapanda, spika ikaanza kupiga mluzi, kina mama wakaingia kila mmoja na ombi lake. Kisha Askofu, ambaye sikujua kwamba mtu mpole anaweza kufanya hivyo, alikanyaga sakafu kwa nguvu na kunguruma, "Pokea!"

Nilishtuka nikavuta. Kiatu chekundu kikachomoka nje ya kitambaa cha meza mbele ya macho ya watu ambao, inaonekana, hawakuwa wameyafumba sana.

"Mguu imesonga!" mama mmoja alipiga kelele.

Shosho alipiga vigelegele. Sijapata kusikia vigelegele kama vile tena, hata kwenye harusi yangu. Wimbo ukalipuka, makochi yakasukumwa, na mimi huko chini nikajua kwamba mambo yameharibika na muujiza umeanza. Nikashika kwa nguvu zaidi. Kadiri nilivyoshika ndivyo miguu ilivyotikisika, na kadiri ilivyotikisika ndivyo walivyoimba, na kadiri walivyoimba ndivyo nilivyoing'ang'ania nikilia, nikimkumbusha Mungu kwamba tulikuwa tumekubaliana.

Kitambaa kikainuliwa. Uso wa Tata ulitokea, umegeuka juu chini.

"We," alisema. "Unafanya nini huko?"

"Nashika miguu."

"Ya nini?"

"Muujiza isiingie," nikasema huku kamasi zikinitoka. "Utarudishwa na ndege."

Wimbo ulikufa kuanzia waliokuwa karibu mpaka walio mlangoni. Mtu alizima spika. Nilitolewa chini ya meza kwa mkono mmoja, nikasimama katikati ya kina mama wote wa ushirika, na Shosho, ambaye vigelegele vyake vilikuwa bado mdomoni, aliniuliza polepole kama mimi, mjukuu wake, sitaki Tata apone. Nikamwambia nataka. Lakini akirudi.

Tata alianza kucheka. Alicheka kwa mabega, kama alivyofanya kila kitu, mpaka kiti kikawa kinagongagonga meza na kijana wa Biblia naye akaambukizwa akageukia ukuta. Kisha alimwona Shosho. Shosho alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi akikitazama kile kiatu chekundu, na mikono yake ilikuwa imelala wazi mapajani. Kwa muda mfupi alikuwa ameuona mguu ukitembea. Hata mimi, mtoto, nilijua kwamba kuna kitu nimempa na kumnyang'anya kwa mkono uleule, na nikaona uchungu.

Tata alisukuma kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama, umeombea hii miguu tangu nikiwa mtoto, na nashukuru," alisema. "Lakini mimi na hii miguu tumezoeana. Jumanne naenda kubeba chuma. Leo niombee mabega."

Askofu alivua miwani, akaifuta upande mmoja na wa pili, akaivaa. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, aliuliza ni bega gani.

"Yote mawili," Tata alisema.

Askofu alinyoosha mkono, lakini Shosho aliinuka na kumzuia. Alimwambia samahani, hii ni yangu. Kuna namna ya kubariki ambayo wazee wetu waliitumia kabla ya kanisa na ambayo watu wa kanisa hawaizungumzii mbele ya askofu. Shosho aliizungumzia kwa vitendo. Alitema mate kidogo kwenye viganja vyake, kidogo tu, akavisugua, akaviweka juu ya mabega ya binti yake. Aliyashika muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuyagusa tangu yawe makubwa vile, kwa sababu niliona viganja vikitembea juu yake kwa mshangao, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Askofu alitazama dari kwa adabu.

"Na huko," Shosho aliuliza mwishowe, "nani atakushikia miguu?"

"Wako na mpango wao, Mama. Usijali."

Mimi nilijali. Niliona kwamba nimefutwa kazi hadharani, na nilikula mukimo wangu nikiwa nimenuna.

Tata alikwenda. Madaktari walimbonyeza na kumvuta na wakaridhika kwamba miguu ile haina nia yoyote ya kusukuma, jambo ambalo nililiandikia alama katika uhusiano wangu na Mungu. Siku ya mashindano baba aliunganisha simu yake na televisheni ya Shosho, ile iliyokaa juu ya stuli ya mbao, na picha ikawa inakatika kila lori lilipopita. Kocha alikuja na mkewe na bhajia. Shosho alisema hataangalia, ana maharagwe ya kuchambua, kisha akaja kuyachambulia sebuleni.

Jaribio la kwanza Tata alishindwa, chuma kikasimama katikati na kusaidiwa kuondolewa. La pili aliweza. La tatu liliwekwa uzito ambao Kocha aliusikia akaacha kutafuna. Wakamweka kwenye benchi, ile pana ya kisasa, na hapo ndipo nilipouona ule mpango wao. Watu wawili wenye fulana za kufanana walileta mishipi mipana, wakaipitisha juu ya miguu ya Tata, wakaikaza.

"Unaona, Shosho," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyesafishwa jina. "Hata wao wanashika."

Medali ile siku hizi inaning'inia hadiwea, kati ya brashi na kufuli, na wateja huuliza bei yake. Nyingine mbili zimeifuata. Tata amenunua duka la pili kule Adams Arcade, wahubiri bado humvizia mjini, na yeye huwaambia waombe mabega. Kwenye mahojiano huulizwa mengi kuhusu ujasiri na safari ya maisha, naye hujibu vizuri, maana anajua kuongea. Shosho hayupo tena.

Lakini harufu ya saruji ikinipandia jikoni, siyo medali ninayoiona. Namwona Shosho akiuweka chini ungo wa maharagwe. Alipiga magoti mbele ya televisheni, kwa shida, goti moja kisha la pili, akaishika miguu miwili ya mbele ya ile stuli kwa mikono yote, akafumba macho. Chuma kilishuka kifuani kwa Tata, kikatulia, kikaanza kupanda, na Kocha alikuwa akisema kitu kwa lugha ya kwao, na baba alikuwa amesimama, na taa tatu nyeupe za waamuzi, za kusema ameweza, zikawaka.

"Amemaliza?" Shosho aliuliza bila kufumbua macho. "Niachilie?"

Nikamwambia amemaliza, Shosho, ameweza, achilia. Hakuachilia mpaka waliporudi kumfungua ile mishipi.